Mektilda, dereva wa maharusi aliyekataa kustaafu pamoja na gari lake

Saa moja asubuhi, Jumamosi, baridi ya Songea bado haijaamua kuondoka. Katika yadi moja ya Majengo, nyuma ya duka la kukodisha maturubai na viti, Mektilda Luambano amepiga magoti mbele ya gari jeupe na anafunga utepe wa zambarau kwenye boneti. Amevaa suti ya bluu, viatu vya chini na kitambaa kichwani. Mdomoni amebana pini, kwa hiyo ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Kando yake limeegeshwa gari jingine, jeusi, refu, la Kijerumani, lenye umri wa kutosha kupewa kitambulisho cha taifa. Watu wa mji huu wanaliita Monsinyori, kama padri wa cheo kikubwa, kwa sababu ni jeusi, ni zito, linatembea taratibu, na likipita watu wanasogea pembeni bila kuambiwa. Kwa miaka kumi na tisa Mektilda ndiye aliyeshika usukani wake. Kuna mabinti aliowapeleka kanisani humo ambao leo watoto wao wako sekondari.

Leo hataligusa. Leo anaendesha hili jeupe, la umeme, lililoingia mjini mwezi wa sita na ambalo Songea imelibandika jina la Paka. Na mambo yakiharibika leo, hii itakuwa harusi yake ya mwisho.

"Hao wamekuja kuniangalia nikishindwa," anasema baada ya kutoa pini mdomoni, akiwaonyesha kwa kidevu vijana wa bodaboda walioegemea ukuta. "Waambie watafute kivuli, maana watangoja sana."

Mektilda ana miaka hamsini na mitano. Alizaliwa Namtumbo, katika nyumba ya tumbaku na mahindi, na udereva alijifunza kwenye lori la mjomba wake lililokuwa likibeba marobota ya tumbaku. Alipoolewa na kuhamia Songea hakuna aliyemuuliza kama anajua kuendesha. Alipata kibarua cha kupamba magari ya harusi: utepe, maua ya plastiki, na yule mwanasesere wa mbele aliyevalishwa shela.

Jumamosi moja dereva hakutokea. Bibi harusi alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, mama yake analia, padri ameshatuma mtu mara mbili. Mektilda aliweka maua chini, akaingia upande wa usukani, akaondoa gari. Yule dereva alipopona malaria yake alikuta kazi imeshapata mwenyewe.

Tangu hapo hajaiacha. Kwa harusi moja analipwa shilingi elfu hamsini, na familia ya bwana harusi ikiwa na moyo inaongeza. Kuanzia mwezi wa sita, watu wakishauza mahindi na tumbaku, mpaka kwenye mwezi wa kumi, hakuna Jumamosi anayokaa nyumbani. Watoto wake watatu, kuanzia kwa Otto ambaye sasa ni muuguzi, wamesoma kwa fedha hiyo na kwa mikono ya baba yao, mzee Valeriani, fundi mwashi aliyestaafu.

Lakini ili msomaji ajue hasa kinachogombewa, ni vizuri aijue kazi yenyewe, maana wengi wanaidharau.

Kuendesha gari la maharusi Songea si kazi ya kukimbia. Mbio ni za kutoka nyumbani kwenda kanisani tu. Misa ikiisha, kuanzia lango la kanisa mpaka ukumbini, gari linakwenda kwa mwendo wa miguu ya wanawake. Mbele kabisa yanatangulia matarumbeta juu ya pikapu. Nyuma ya pikapu wanafuata shangazi za bibi harusi, wamefunga kanga kiunoni, wanacheza huku wameligeuzia gari mgongo. Na ni lazima waligeuzie mgongo. Shangazi ndiye anayemfungulia binti njia, na anayefungua njia haangalii nyuma.

Sasa hebu fikiria. Mwanamke ameinama, anacheza, haoni, na nyuma yake kuna tani mbili za chuma zinamfuata. Anajuaje ziko wapi? Kwa Monsinyori alijua kwa miguu yake. Mvumo wa injini ulimpanda kutoka kwenye lami, na joto la boneti lilimgusa nyuma ya magoti. Joto likizidi, anasogea. Likipungua, anajua ana nafasi, anazidi kuinama. Mektilda naye alikuwa akitaka waende mbele anatoa gia, anakanyaga mafuta kidogo, injini inanguruma, shangazi wanacheka na kupiga hatua. Hakuna aliyewahi kukaa kikao kuyapanga haya. Yalijijenga yenyewe, harusi baada ya harusi.

"Nilikuwa naongea nao kwa mguu wa kulia," anasema Mektilda. "Wananijibu kwa kiuno."

Mzee Azizi, mwenye yadi, si mtu mbaya, na afadhali hilo lisemwe mapema. Ni mtu wa Mbesa, kule Tunduru, aliyekuja Songea na magunia ya korosho akabaki na maturubai, viti, masufuria na magari ya kukodisha. Mwezi wa sita alileta gari la umeme kutoka Dar es Salaam likiwa juu ya lori, ili vumbi lisiliguse. Lilipoteremshwa, akina mama wa sokoni waliacha nyanya zao wakaenda kuliona.

Wiki hiyohiyo alimwita Mektilda ofisini, akaagiza chai na vitumbua. Alimwambia kwamba amefanya kazi kwa uaminifu, Alhamdulillah, wala hajawahi kumwangusha bibi harusi hata mmoja. Lakini gari jipya linataka kijana, na kijana ameshampata, anaitwa Saimon, ameendesha magari ya umeme Dar. Yeye Mektilda apumzike sasa. Na kama kiinua mgongo amchukue Monsinyori, na kadi yake, awe wake moja kwa moja.

Mtu mwingine angepiga vigelegele palepale. Mektilda alimaliza chai yake, akajifuta mdomo, akamshukuru kwa heshima zote, kisha akakataa.

"Mzee Azizi, kiinua mgongo wanapewa waliochoka, na mimi sijachoka," anakumbuka kumwambia. "Aliyezeeka ni gari. Mimi na gari si kitu kimoja, usitutoe kwa mlango mmoja."

Mzee Azizi anasema alidhani mama huyu anataka fedha taslimu badala ya gari, akaanza kukuna kidevu akitafuta namna ya kusogeza mazungumzo. Ilimchukua muda kuelewa kwamba mtu aliyeketi mbele yake anakataa zawadi kwa sababu ni zawadi.

Nyumbani kulichafuka. Mzee Valeriani hakuumauma maneno: kukataa gari zima, tena bure, ni ujeuri wa mtu aliyeshiba. Wangelifanya teksi ya kubeba wagonjwa. Wangeliuza, wakanunua kiwanja Ruhuwiko. Mawifi walikuja na yao, wakasema mwanamke akizoea usukani anasahau kwamba kuna siku ya kushuka. Kwenye jumuiya alisemwa, sokoni alisemwa, na hata fundi wa baiskeli ambaye hajawahi kupanda gari la harusi alikuwa na maoni.

Mektilda aliwasikiliza wote na hakubadilisha kitu. Ukimuuliza leo anakuja juu tena, moto uleule.

"Monsinyori namjua kuliko wao," anasema. "Anakula petroli ya laki na zaidi kwa harusi moja. Spea yake moja inaagizwa Dar, unangoja mwezi. Alikuwa anaishi kwa sababu maharusi wanamlisha. Ukinipa mimi bila maharusi, hujanipa gari, umenipa mdomo mwingine wa kulisha. Nifugie kuku humo ndani?"

Kwa hiyo alifanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Kesho yake asubuhi alikwenda kazini. Alifika yadi, akachukua ndoo, akaosha magari yote mawili, akang'arisha vioo, akaketi kwenye kiti chake. Siku iliyofuata vilevile. Mzee Azizi alimwangalia kupitia dirishani, akarudi kwenye hesabu zake. Saimon, ambaye ni kijana mwenye adabu, alikuwa akimwamkia shikamoo kila asubuhi na kumletea kiti kivulini. Ukweli ni kwamba hata yeye alikuwa hajui asimame wapi.

Ndipo mwezi wa saba likatokea la Walburga.

Shangazi Walburga Mbano anakaa Ruhuwiko, ana miaka sitini na minane, na katika harusi za mji huu yeye ndiye kiongozi wa shangazi wote, wa ukoo wake na wa koo nyingine. Aliwahi kuongoza kikundi cha kioda, ngoma ya akina mama, na mgongo wake hadi leo unainama kuliko wa mabinti. Siku hiyo alikuwa anacheza mbele ya Paka, Saimon akiwa kwenye usukani, mwendo wa pole kabisa. Walburga alikuwa anangoja kuguswa na joto ili asogee. Joto halikuja. Mvumo haukuja. Kilichokuja ni bampa, taratibu kabisa, likamgusa nyuma ya magoti, na mama wa watu akaketi juu ya boneti kama mtu aliyekaribishwa sebuleni.

Hakuumia hata ukucha. Matarumbeta yaliendelea, watu wakadhani ni mtindo mpya, wakashangilia. Lakini Walburga aliposhuka pale juu uso wake haukuwa wa mtu anayecheka. Alifungua kanga kiunoni, akaikunja, akaondoka barabarani. Shangazi wengine wakamfuata. Maharusi waliingia ukumbini bila mtu wa kuwafungulia njia, na bibi harusi alilia mpaka keki ikakatwa.

Kabla ya Jumatatu gari lilikuwa limeshapata jina lake la Paka. Linanyata. Linakuja bila kupumua. Kamati za harusi zilianza kumpigia simu Mzee Azizi moja baada ya nyingine zikitaka Monsinyori.

Hapo ungesema Mektilda ameshinda, na Mzee Azizi naye alisema hivyo. Alimwita tena ofisini, safari hii bila vitumbua. Alimwambia arudi kwenye Monsinyori wake, wasahau yaliyopita, hili jeupe atalitafutia mteja Dar inshallah. Saimon alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa, anangoja nauli ya kurudi.

Mektilda alikataa tena.

"Nilimwambia, Mzee, hapana. Nataka lile jeupe," anasema, na anacheka akikumbuka sura ya bosi wake. "Akaniuliza, Mama Otto, wewe unataka nini hasa duniani?"

Alichokuwa anakitaka kilikuwa na sababu, na sababu zenyewe alizikusanya zile wiki alizokaa kivulini akifuta vioo. Watu wote walikuwa wanabishana kuhusu magari haya mawili kwa kuyatazama. Yeye alikuwa na maharusi kichwani.

Monsinyori ana mlango ambao ukiufunga unatoa sauti nzito, moja tu, na mtu aliye ndani anajiona mkubwa. Viti vyake vya ngozi vimelainika kwa kukaliwa. Barabara ya Namtumbo anaila bila kumtikisa mtu, na ukipungukiwa petroli unaingia kituoni, unaweka, unaendelea. Hayo yote Mektilda anayakubali, na akiyasema anapapasa boneti jeusi kwa kiganja bila kujijua.

Lakini Monsinyori hakutengenezwa kutembea kwa miguu. Mpeleke kwa mwendo wa shangazi nusu saa, jua likiwa kali, na geji ya joto inaanza kupanda. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, Mektilda alikuwa amembeba bibi harusi aitwaye Leticia. Walipofika kwenye mwinuko wa kuingia Majengo, rejeta ilikuwa karibu kuchemka. Kuna njia moja tu ya kuiokoa bila kusimama, nayo ni kuzima kiyoyozi na kuwasha hita, ili joto la injini litokee ndani ya gari. Mektilda aliwasha hita. Mwezi wa kumi. Na bibi harusi ndani, amevaa gauni lenye tabaka za kutosha kufunika kitanda.

"Rangi ya macho ilimfika kidevuni," anasema. "Kwenye picha anaonekana kama amefiwa. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa upande."

Paka hana habari na hayo. Mwendo wa shangazi ndio anaoupenda kuliko wote. Unaweza kutembea naye saa nzima kwa kasi ya konokono, hachemki, ndani baridi, bibi harusi anatabasamu. Sakafu yake ya nyuma ni bapa, haina ile nundu ya katikati inayokunja gauni. Na kumlisha kwa umeme wa Luku, Jumamosi nzima, hakufiki hata theluthi ya petroli ya mwenzake.

Ana kasoro zake na Mektilda hazifichi. Vishikio vya milango vimezama ndani, akina mama wa heshima wanabaki wanapapasa gari kama wanatafuta funguo gizani. Paa la kioo linaingiza jua mpaka utandike kanga. Tumbo lake liko chini na matuta ya barabarani yanamkwaruza. Na siku ya kwanza Mektilda alipolijaribu, mle mle yadini, Mzee Azizi akiwa pembeni yake, alikaa dakika nzima akingoja injini iwake. Ilikuwa imeshawaka. Kisha akaondoka, akainua mguu kwenye mafuta kama alivyozoea, na gari likajifunga breki lenyewe ghafla. Kofia ya Mzee Azizi iliruka ikatua juu ya dashibodi.

"Alisema Innalillahi," anasema Mektilda. "Nikamwambia tulia, hakuna aliyekufa."

Saimon ndiye aliyemfundisha, kila asubuhi kwa wiki mbili, katika uwanja mtupu wa Ruhuwiko. Anasema mama huyu alikosea kila kitu kinachoweza kukosewa, na hakuna siku aliyochelewa kuja kukosea tena. Baada ya wiki hizo waliweka makubaliano na Mzee Azizi mbele ya Saimon. Harusi moja. Shangazi wakikubali kucheza mbele ya Paka mpaka ukumbini, usukani ni wa Mektilda na hakuna tena maneno ya kupumzika. Wakikataa, Mektilda atamchukua Monsinyori, na kadi yake, na kwenda nyumbani.

Harusi iliyofuata ikawa ya Noela Mbano. Bibi harusi mwenyewe alitaka gari jeupe, hakutaka kusikia kuhusu hita. Tatizo ni kwamba shangazi yake, mdogo wa baba yake kabisa, ni Walburga.

Mektilda alifunga safari mpaka Ruhuwiko siku mbili kabla ya harusi. Alimkuta Shangazi Walburga anapukuchua mahindi uani. Alimwamkia shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akachukua hindi naye akaanza kupukuchua. Walizungumza habari za watoto, habari za mbolea, mpaka beseni likajaa. Ndipo Mektilda akataja kilichomleta.

Walburga hakukasirika. Alimjibu polepole, na Mektilda anayakumbuka maneno yake yote.

"Mwanangu, kwa Monsinyori nilikuwa najua uko nyuma yangu. Joto linanigusa hapa, najua ni Mektilda, nacheza nimefumba macho. Hilo lako halina pumzi. Mimi siwezi kumfungulia mtoto wa kaka yangu njia huku nafuatwa na kitu kisicho na pumzi."

Mektilda anakiri wazi kwamba alitoka pale na makapi ya mahindi kwenye suti na mikono mitupu. Alimweleza Walburga kuhusu kiyoyozi, kuhusu sakafu bapa, kuhusu Leticia, na kila alilolisema lilikuwa kweli na halikusaidia kitu. Njiani kurudi aliwaza kuweka kengele, akawaza kumtanguliza Saimon kwa miguu. Yote aliyaona ni ya kuchekesha watu.

Ndiyo maana Jumamosi hii asubuhi, akifunga utepe, bado hana jibu. Ana suti safi, ana gari lililoshiba umeme, na ana kichwa kigumu.

Misa inaisha saa saba mchana. Noela anatoka kanisani na mume wake, anaingia gari jeupe, gauni linajitandaza lote bila kukunjika. Matarumbeta yanapanda juu ya pikapu na kuanza. Pikapu linasogea.

Shangazi hawasogei. Wako kumi na mmoja, wamesimama kando ya lango, kanga mikononi badala ya kiunoni. Walburga yuko katikati yao. Amekuja, kwa sababu ni harusi ya mtoto wa kaka yake, lakini hachezi.

Pikapu linagundua halifuatwi, linasimama. Matarumbeta yanaishiwa nguvu moja moja. Wageni wanageuka. Mzee Azizi yuko chini ya ukuta wa kanisa na tasbihi mkononi. Saimon yuko karibu naye, amekuja kwa sababu akiitwa itabidi alichukue gari. Kwenye kiti cha nyuma Noela ameanza kuvuta kamasi, na bwana harusi anauliza kama kuna tatizo la kiufundi.

Mektilda anaeleza kwamba pale ndani ya gari hasira ilimpanda kweli. Haikuwa hasira kwa Walburga. Alikasirika kwa sababu alijiona ameketi kimya ndani ya gari kimya, mikono juu ya usukani, anangoja wengine waamue kama bado ni dereva. Miaka kumi na tisa amebeba maharusi, na dereva wa harusi ana desturi moja: hatoi sauti. Haimbi, hashangilii, haongei mpaka aulizwe. Yeye ni sehemu ya gari. Na lile gari la kwanza lilikuwa linamsemea.

Akateremsha kioo. Akatoa kichwa nje, kitambaa na kila kitu, akapiga kigelegele.

Si kile cha mtu wa pembeni anayesaidia shughuli ya wenzake. Kilikuwa kirefu, kikali, cha mwanamke wa Namtumbo aliyekulia kwenye mashamba ambako ukimwita mtu lazima asikie. Kilipita juu ya vichwa vya watu, kikapiga ukuta wa kanisa, kikarudi. Padri aliyekuwa anavua kanzu alichungulia mlangoni.

Kisha Mektilda akasogeza gari hatua moja na kupiga kingine, kifupi. Akasimama. Akakaa kimya. Akasogeza tena, akapiga tena.

Walburga aligeuza kichwa. Wote waliokuwa pale wanasema aligeuza kichwa kwanza, kabla ya mwili. Alisogea mpaka dirishani, akamwangalia Mektilda kwa karibu, na akamuuliza swali moja tu, kama ataweza kufika na kigelegele hicho mpaka ukumbini.

"Nitafika, Shangazi," alijibu Mektilda. "Gari halina sauti. Mimi ninayo."

Walburga alifunga kanga kiunoni. Alikwenda mbele ya boneti, akaligeuzia gari mgongo, akainama. Wale kumi wakamfuata.

Kutoka kanisani mpaka ukumbini, kwa mwendo ule, ni karibu saa nzima. Mektilda alipiga kigelegele kirefu alipotaka wasogee, kifupi alipokuwa karibu, na alinyamaza alipowapa nafasi ya kucheza. Mara mbili walipishana, shangazi mmoja akasogea mapema, mwingine akachelewa, gari likasimama wakacheka. Kwenye mwinuko wa Majengo walikuwa wameshaelewana. Walburga alikuwa anajibu vigelegele vyake kwa vyake, na wanawake waliosimama kando ya barabara wakadakia, mpaka wapiga tarumbeta wakawa wanageuka nyuma kuona nani anawafunika. Ndani ya gari baridi ilikuwa safi. Noela hakutoka jasho hata tone.

Saimon alitembea kwa miguu pembeni njia nzima. Anasema alijaribu kujifikiria yeye akipiga kigelegele dirishani, akaona afadhali atafute kazi nyingine. Sasa anaendesha Fuso la maturubai la Mzee Azizi na hajaomba nauli ya Dar.

Ukumbini, maharusi walipoteremka, Mzee Azizi alikuja mpaka kwenye dirisha la dereva. Alimwambia Mektilda aende akapumzike, Saimon atalirudisha gari yadi. Labda ilikuwa huruma tu, maana mama alikuwa ameishiwa sauti. Mektilda alitikisa kichwa. Alipandisha kioo na kulirudisha mwenyewe.

Tulimkuta tena Jumatatu yadini, anaosha gari. Sauti ilikuwa bado haijarudi, anaongea kwa mkwaruzo, na amewekewa chai ya tangawizi kwenye chupa na mzee Valeriani, ambaye sasa hasemi tena habari za kiwanja. Monsinyori amepewa kazi ya kupeleka wakwe na wazee kwenye harusi za vijijini. Petroli yake analipa mwenye yadi, na Mektilda anasema hapo ndipo panapomfaa.

Anachokitazamia sasa ni harusi ya mwezi ujao. Nasrin, mpwa wa Mzee Azizi mwenyewe, anaolewa huko kwao Mbesa, zaidi ya kilomita mia tatu kutoka hapa. Mzee Azizi ametaka dereva awe Mektilda. Alichopendekeza ni kwamba safari ni ndefu, aende na Monsinyori. Mektilda amegoma. Ana dada yake Tunduru mjini mwenye umeme wa kuaminika, amekwishapanga kulala huko ili gari lichaji mpaka asubuhi, na Mzee Azizi akitaka kuja na Monsinyori nyuma yao, barabara ni ya serikali.

Tulimkumbusha jambo moja. Shangazi za Mbesa hawamjui. Hawajawahi kucheza mbele ya gari lake, jeusi wala jeupe, na hawajui huyo dereva mwanamke anawafuata nyuma kwa namna gani.

Mektilda alikamua kitambaa, akameza funda la tangawizi, na sauti ilikuwa imekwisha kiasi kwamba tulilazimika kusogea karibu.

"Watanisikia," alisema.